KISU KIDOGO CHA KUKUNJA KUTOKA JAPANI
Jinsi ya kukipata kilicho bora, kukitunza, na kumfundisha mtoto kukitumia

Kila nyumba ina kazi ndogo ndogo zisizoisha: kukata kamba ya gunia la mchele, kumenya chungwa safarini, kuchonga penseli ya mtoto, kufungua boksi, kukata uzi wa nguo. Kisu cha jikoni ni kikubwa, hakiingii mkobani. Wembe hauna mpini, na mtoto akiushika ni hatari tupu. Ndiyo maana nyumba nyingi zina kisu kidogo cha kukunja. Mara nyingi ni kile cha bei ya chini, ambacho baada ya miezi miwili pini yake imelegea, bapa linacheza huku na huku, na makali yamekwisha.

Mimi ni muuguzi, na majeraha ya visu ni sehemu ya kazi yangu. Mengi ninayoyafunga hayakutokana na ugomvi. Ni ya mtu aliyekuwa akikata kitu kwa kisu butu, akaongeza nguvu, kisu kikateleza. Au ni ya kisu cha kukunja kilichojifunga juu ya vidole kwa sababu kifungio chake kilikuwa kibovu. Kisu kikali kilichotengenezwa vizuri hukata pale ulipokielekeza. Kisu butu huenda kinakotaka chenyewe.

Akina mama wenzangu wa kikundi cha kanisa wameniuliza zaidi ya mara moja juu ya visu vya Japani. Mmoja ana mdogo wake anayesoma huko, mwingine mume wake ni baharia, na kila mmoja ameulizwa, "Nikuletee nini?" Katika makala haya tutaona visu hivyo vinatoka wapi, kilicho halisi unakitambuaje, na mambo mama anayopaswa kuyapima kabla kisu hakijaingia nyumbani mwake.

KWA NINI JAPANI?

Sifa ya visu vya Japani ilitoka kwa wafua panga. Mji wa Seki, katika mkoa wa Gifu katikati ya nchi hiyo, umekuwa mji wa wahunzi kwa takriban miaka 700. Palikuwa na maji mazuri ya mito, udongo unaofaa, na mkaa wa misonobari. Mafundi wa hapo walijulikana kwa panga ambazo hazikuvunjika kirahisi wala kupinda.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ilitoa amri ya kuwakataza raia kutembea na panga hadharani. Wafua panga wengi wakakosa wateja. Mwaka 1945, baada ya vita kuu ya pili, majeshi yaliyoishinda Japani yakapiga marufuku kutengeneza panga. Watu wa Seki wakageuza ufundi wao kwenye visu vya jikoni, mikasi, nyembe, na visu vidogo vya kukunja, wakaanza kuviuza nchi za nje. Leo Seki hutajwa pamoja na Solingen wa Ujerumani na Sheffield wa Uingereza kama miji mikuu ya visu duniani.

Mji wa pili ni Miki, katika mkoa wa Hyogo, si mbali na Kobe. Mji huo uliharibiwa kwa vita vya kuzingirwa kati ya mwaka 1578 na 1580. Ulipojengwa upya, maseremala walikusanyika hapo, na wahunzi wakawafuata ili kuwatengenezea misumeno, randa na patasi. Hadi leo Miki ni mji wa zana za seremala, na ndiko kilikozaliwa kisu cha mfukoni ambacho karibu kila babu wa Kijapani anakikumbuka.

HIGONOKAMI, KISU CHA WATOTO WA SHULE

Kisu hicho kinaitwa Higonokami. Kilianza kutengenezwa miaka ya 1890. Umbo lake ni rahisi kabisa: mpini ni bati la chuma au la shaba ya njano lililokunjwa mara moja, na ndani yake bapa hulala. Hakina springi wala kifungio. Nyuma ya bapa pana mkia mdogo. Unausukuma kwa dole gumba, bapa linatoka, na dole gumba hilohilo linaendelea kuukandamiza ili kisu kisijifunge wakati unakata.

Bapa la Higonokami nzuri mara nyingi ni la tabaka tatu: katikati chuma kigumu kinachoshika makali, pembeni chuma laini kinachokilinda kisivunjike, mfano wa mkate uliotiwa siagi katikati. Zamani karakana nyingi za Miki zilivitengeneza. Leo imebaki karakana moja tu yenye haki ya kutumia jina hilo, ya ukoo wa Nagao. Pamoja na hayo bei yake si ya kutisha. Kile cha kawaida huuzwa Japani kwa yen elfu chache tu.

VISU VYA SEKI

Visu vya kukunja vya Seki ni vya namna nyingine. Vingi vina kifungio, yaani ukifungua bapa linashikwa na halirudi mpaka ulifungulie mwenyewe. Kwa mtu asiye na mazoea, au kwa kazi inayohitaji nguvu, hivi ni salama zaidi kuliko Higonokami.

Majina ya viwanda vya Seki utakayokutana nayo ni Kai, kilichoanza mwaka 1908, na Moki, kilichoanza mwaka 1907, kinachosifiwa kwa visu vidogo vilivyosanifiwa kama vito. Wapo pia G. Sakai, na Mcusta. Zaidi ya hayo, viwanda vya Seki huwatengenezea wenye majina ya nje. Kampuni ya Marekani iitwayo Spyderco imetengenezesha visu huko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Fällkniven ya Sweden nayo hufanya hivyo.

UTAKITAMBUAJE KILICHO HALISI?

Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa hiyo tuende polepole.

Kwanza, soma maandishi yaliyo kwenye bapa lenyewe, usiishie kwenye boksi. Boksi huchapishwa popote. Kisu cha Seki kwa kawaida huwa kimeandikwa "Seki" au "Seki City, Japan" kwenye chuma. Higonokami halisi ina herufi za Kijapani zilizogongwa kwenye mpini, zikiwa na jina la kisu na la karakana.

Pili, jina la kampuni pekee halitoshi. Spyderco hutengeneza visu Seki, lakini pia Marekani, Taiwan, Italia na China, na kila kimoja huandikwa mahali kilikotoka. Kai nayo ina viwanda nje ya Japani. Visu hivyo vingine si lazima viwe vibaya. Ila kama umelipia kisu cha Japani, hakikisha umepewa cha Japani.

Tatu, jihadhari na maneno "chuma cha Japani". Chuma kinaweza kutoka Japani na kisu kikatengenezwa kwingine. Vilevile usivutwe na mistari ya mawimbi kwenye bapa. Katika kisu kizuri mistari hiyo ni tabaka za vyuma viwili. Katika kisu cha kuigiza ni mchoro tu uliochorwa juu kwa asidi.

Nne, tumia macho na mikono yako. Kifunge, ukitazame kwa juu: bapa lilale katikati ya mpini, lisiguse upande wowote. Kifungue, ushike bapa kwa mgongo na ulitikise taratibu: lisicheze. Kama kina kifungio, kisikilize kikishika kwa mlio mmoja mkavu, kisha jaribu kukikunja bila kukifungulia, kisikubali. Pitisha makali kwenye ukingo wa karatasi: kipasue moja kwa moja bila kuchana.

CHUMA GANI KINAKUFAA?

Zipo jamii mbili za chuma, na uchaguzi wake hutegemea mahali unapoishi na tabia za watu wa nyumbani.

Jamii ya kwanza ni chuma cha kaboni. Maarufu zaidi hutoka Yasugi, katika mkoa wa Shimane, nacho huitwa Aogami au Shirogami, maana yake karatasi ya buluu na karatasi nyeupe. Majina hayo yalitokana na rangi ya karatasi iliyobandikwa kutofautisha vyuma hivyo. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi na kupata makali ya ajabu, lakini hushika kutu upesi. Ukikata limau na kukiacha kwenye sahani, baada ya muda mfupi utakuta madoa.

Jamii ya pili ni chuma kisichoshika kutu kirahisi. Kinachosifiwa sana ni VG-10, kinachotengenezwa na kiwanda cha Takefu katika mkoa wa Fukui. Kina kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu karibu asilimia 15, pamoja na kobalti kidogo. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu. Chuma hiki hukaa na makali muda mrefu, ila kukinoa kunataka subira zaidi.

Kama unaishi pwani penye hewa ya chumvi, au kisu kitamenya matunda kila siku, chagua cha VG-10 au kingine kisichoshika kutu. Kama baba watoto ni mtu anayependa kukaa na kinoo jioni na kufuta zana zake, Higonokami ya chuma cha kaboni itamfurahisha miaka mingi.

KUKINUNUA NA KUKISAFIRISHA

Ndugu yako aliye Japani anaweza kupata visu hivi kwenye maduka ya zana na ya vifaa vya nyumbani. Akiweza kufika Seki, kila mwaka mwezi Oktoba pana tamasha la visu ambapo viwanda huweka meza barabarani na kuuza kwa bei nafuu.

Mwonye juu ya sheria. Japani ni nchi kali katika jambo hili. Kutembea na kisu chenye bapa linalozidi sentimita 6 bila sababu ya msingi ni kosa. Zipo nafuu kwa baadhi ya visu vya kukunja, lakini hata kisu kidogo kilichofichwa mfukoni bila sababu kinaweza kumfikisha mtu polisi. Basi akishakinunua, akiache kwenye boksi lake pamoja na risiti, akipeleke nyumbani moja kwa moja.

Akipanda ndege, kisu kiwe ndani ya sanduku linalokwenda kwenye buti ya ndege, kamwe kisiwe kwenye mkoba wa mkononi. Kikikutwa pale kwenye ukaguzi kitachukuliwa, na safari inaweza kuingia dosari.

KUKITUNZA

Kisu cha kukunja kina siri moja ambayo muuguzi hawezi kuinyamazia: kiungo chake. Majimaji ya nyama mbichi na ya kuku huingia pale pini ilipo na kubaki. Kwa hiyo usikikatie nyama mbichi ukageuka kumenyea mtoto embe. Nyama ina kisu chake cha jikoni.

Baada ya kukitumia, kioshe kwa maji na sabuni kikiwa wazi, usikiloweke. Kifute kwa kitambaa kikavu mpaka kwenye kiungo, ukiache wazi kidogo kipate hewa. Kama ni cha kaboni, pitisha tone la mafuta kwenye bapa. Wajapani hutumia mafuta ya mbegu za mkamelia. Nyumbani tone la mafuta safi ya kupikia latosha, ila ulifute na kulirudia mara kwa mara maana huganda yakikaa.

Kunoa si kazi ngumu. Tafuta kinoo chenye chembe za namba 1000, kiloweshe kwa maji, ukiweke juu ya kitambaa kisiteleze. Laza bapa, kisha inua mgongo wake kidogo tu, kiasi cha unene wa sarafu mbili. Sukuma na kuvuta bila kubadili mwinuko huo, ukianzia karibu na mpini hadi kwenye ncha. Ukipapasa upande wa pili kwa uangalifu na kuhisi ukingo unaokwaruza, geuza unoe upande huo. Malizia kwa kupitisha kila upande polepole mara chache. Usikipeleke kwenye mashine ya kunolea inayotoa cheche, kwa sababu joto lake hulainisha chuma, na ugumu ulioulipia unakwisha hapo hapo.

Higonokami ikilegea, weka kiungo chake juu ya chuma bapa na gonga kichwa cha pini kwa nyundo ndogo, polepole, ukijaribu kila mara. Itakaza tena.

JE, MTOTO APEWE KISU?

Hili ndilo swali zito, na Wajapani wenyewe wamelipitia.

Baada ya vita, wavulana wengi wa shule nchini humo walikuwa na Higonokami. Walichongea penseli, wakatengeneza vinyago na tiara. Tarehe 12 Oktoba 1960, kiongozi wa Chama cha Kisoshalisti, Inejiro Asanuma, aliuawa akiwa jukwaani mjini Tokyo na kijana wa miaka 17 kwa upanga mfupi. Hakikuwa kisu cha mfukoni, lakini wazazi walishtuka, na kampeni ya kutowaachia watoto kitu chochote chenye makali ikaenea nchini. Wakati huohuo vichongeo vya penseli vilikuwa vikijaa madukani. Karakana za Miki zikafungwa moja baada ya nyingine. Januari 1998 hofu ilirudi, pale mwanafunzi wa miaka 13 katika mkoa wa Tochigi alipomwua mwalimu wake kwa kisu cha kukunja cha aina nyingine.

Lakini ipo shule moja ya msingi katika mkoa wa Nagano iliyochukua njia tofauti. Tangu miaka ya 1980, watoto wanaoingia darasa la kwanza hupewa kila mmoja Higonokami yake, wakafundishwa kuchonga penseli kwa mkono.

Mimi siwezi kukuamulia, mama. Wewe ndiye unayemjua mtoto wako. Nitakuambia tu ninachokitazama mimi. Je, anatii neno la kwanza, au mpaka lirudiwe mara tatu? Akikasirika, hurusha vitu? Akiumia, huja kukuambia au huficha? Mtoto anayerusha na kuficha bado hajawa tayari, hata akiwa na miaka 12.

Akiwa tayari, anza naye hivi:

1. Akae chini. Kisu hakitumiwi kwa kutembea wala kusimama penye watu.
2. Anyooshe mkono na kuuzungusha pande zote. Kama mkono unamgusa mtu, mahali hapo hapafai.
3. Akate kwa kusukuma mbali na mwili wake. Mkono ulioshika kitu ubaki nyuma ya makali, si mbele yake.
4. Ampe mwingine kisu kikiwa kimefungwa.
5. Akimaliza, akifute, akifunge, akurudishie wewe mkononi.

Kazi ya kwanza iwe kuchonga mche wa sabuni. Ni laini na hauhitaji nguvu. Akizoea, mpe kijiti kibichi, kisha penseli. Na kisu hicho kikae kwako. Kisiingie kabisa kwenye mkoba wa shule. Huko kitakuwa tatizo la kinidhamu, pengine hata la polisi.

AKIJIKATA

Siku moja atajikata. Hata mimi na wewe hujikata. Usipige kelele, maana atajifunza kuficha.

Chukua kitambaa safi, kandamiza juu ya jeraha kwa dakika 10 kamili bila kufunua kuchungulia, na inua mkono juu ya usawa wa moyo. Damu ikisimama, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kausha, funga kwa kitambaa safi. Usiweke majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Vitu hivi huingiza vijidudu, na vile vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi.

Mpeleke kituo cha afya upesi kama damu haisimami baada ya kukandamiza, kama jeraha ni refu kwenda ndani au limeachama, kama kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi, au kama kisu kilikuwa kichafu. Chukua kadi yake ya kliniki ili waone chanjo ya pepopunda ilitolewa lini.

Na neno moja kwa sisi tunaoitwa usiku jirani anapojifungua: kisu hiki, kiwe kikali na cha thamani namna gani, si cha kukatia kitovu cha mtoto mchanga. Kitovu kinataka wembe mpya ambao haujafunguliwa, au mkasi uliotakaswa.

KABLA HUJATUMA FEDHA

Jiulize kisu kitafanya kazi gani, nani atakitunza, na kitawekwa wapi watoto wadogo wasikifikie. Ukipata majibu, mwandikie ndugu yako wazi: kiwe cha kufunga kwa kifungio au Higonokami, kiwe cha chuma gani, na maandishi gani aone kwenye bapa kabla hajalipa. Mwombe pia akuongezee kinoo cha namba 1000, maana kisu cha Seki kisicho na kinoo, baada ya mwaka mmoja, kitakuwa butu kama kile cha sokoni.

Na kile kisu cha zamani kilicholegea, usikitupe hivi hivi. Kifunge kwa karatasi nene na uzi kabla ya kukiweka kwenye takataka, kwa ajili ya vidole vya watakaozibeba.